Ini la Kitwitwi

Shaame kaniletea ndege ndani ya mkebe wa maziwa ya unga,
mguu mmoja umezongwa na uzi wa mshipi,
mdomo bado una tope la Wesha.
Kitwitwi. Uzito wake haufiki maandazi mawili.

Nampasua saa nne asubuhi, feni ikilalama,
umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga.
Ini kwanza. Halafu figo. Halafu nyoya la bawa,
maana nyoya ni daftari, hushika
alichokula ndege siku lilipoota,
huko alikobadilia nguo zake,
nami huko sijapata kufika.

Ini nikalipima.
Marehemu baba, mtunzi, alihesabu mizani kwa vidole,
nane huku, nane huku, haizidi, haipungui.
Mizani yangu mimi haina kina wala kituo,
ina nukta, na baada ya nukta sifuri,
na sifuri, na sifuri,
ndipo pana neno.

Nikalikausha, nikalisaga, nikalimiminia asidi
hata likawa maji mangavu;
huwezi kujua kwamba liliwahi kuruka.

Mashine ikasema yake.
Shaba, ya kutosha, kila aliye hai anayo.
Zinki, vivyo hivyo.
Zebaki chembe, kama uvumi.
Kadimi kwenye figo, si haba.
Risasi...
hapo nikasita. Nikasuuza vyombo, nikarudia.
Nikasuuza tena.

Jioni nikamkuta mama uani
anafungua kombe kwa kisu kisicho mpini.
"Yule ndege wa Shaame," nikamwambia, "ana risasi."
Akainua uso. "Kapigwa na nani?
Mbona hatukusikia mlio?"
"Hakupigwa, mama. Kala."

Akacheka. Kadhani ni fumbo.
Na kweli lugha imetutega, neno ni moja
la kinachotoka mtutuni na kinachotulia topeni,
cha betri zilizopasuliwa nyuma ya gereji,
cha rangi kuukuu inayobanduka vyomboni,
cha sijui wapi, maana huyu
kaanza safari kwenye theluji, kavuka nchi kumi,
na hakuna forodha iliyomuuliza
tumboni mna nini.
Siwezi kuapa kuwa ni tope letu.
Siwezi kuapa kuwa si letu.
Ripoti itasema sampuli moja haitoshi.
Nitaiandika mimi, na itakuwa kweli.

Lakini niliitazama mikono yake.
Miaka arubaini inachokora tope lile lile,
maji ya bamvua yakitoka, yeye na ndege bega kwa bega,
yeye kwa kijiti, wao kwa mdomo.
Kilichomo bakulini mwetu
kimetoka kwenye sahani ya marehemu.

"Mama, nipe kucha zako."

Akakiweka kisu chini. Kucha, nywele,
ni vitu vya kufukiwa, si vya kuombwa;
anayeviomba ana lake jambo.
"Mwanangu," akasema taratibu, "nani kakutuma?"

Nikatafuta neno. Maabara ina maneno mia,
hata moja halikukaa mdomoni.
Nikasema, "Kitwitwi."

Kimya. Kifuniko cha sufuria kikicheza juu ya mvuke.
Akaingia ndani, akakaa sana,
nikasikia mkasi,
nikasikia akisoma kitu kwa sauti ya chini, sikuuliza.
Akatoka na karatasi imekunjwa mara nne, imefungwa kwa uzi,
na juu yake kaandika jina lake lote,
Mchanga binti Rehani,
herufi kubwa kubwa za skuli ya watu wazima,
kwa kalamu ya risasi.

"Usizipoteze," akaniambia.
"Na zikibaki, nirudishie."